Mizani Inayokosea Upande Mmoja

Sufuria iliungua Jumatatu mchana, na kufikia jioni ilikwisha kuamuliwa kwamba aliyeiunguza ni mgeni.

Mgeni huyo alikuwa mjane mwenye miaka zaidi ya sabini, mkaguzi mstaafu wa vipimo. Maisha yake yote ya kazi alizunguka masokoni na madukani kuhakiki mizani za wafanyabiashara, na wauza nyama walimpa jina ambalo hata wanawe walilizoea: Mama Mizani. Alikuja katika nchi hii ya baridi kumsaidia bintiye aliyerudi kazini baada ya kujifungua. Kwenye fleti ya ghorofa ya tatu alikuta bibi mwingine amemtangulia, mama mzazi wa mkwewe, aliyekuwa akiishi na mwanawe tangu mwaka juzi. Kwa kuwa walikuwa na mjukuu mmoja, wawili hao wakaitana Bibi Mwenza.

"Sisi ni kama wake wenza," Bibi Mwenza alipenda kusema mbele ya wageni, "ila mume wetu hana meno."

Jioni hiyo sufuria ilikuwa juu ya meza ya jikoni, tako lake jeusi, mpini umeyeyuka na kuinama. Dirisha liliachwa wazi ili moshi utoke, na baridi iliingia mpaka miguuni. Binti alikuwa bado na sare zake za kazini. Mkwe alimbeba mtoto begani.

"Mama, ni wewe uliyeweka mayai?"

"Sikumbuki kuweka mayai."

Jibu lilikuwa la kweli, na mara tu lilipotoka Mama Mizani aliona limemponza. Binti na mumewe walitazamana.

"Mwacheni," Bibi Mwenza akadakia kwa upole, akimwaga maji ya moto kwenye kikombe. "Huo ni ugeni tu. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe sufuria aunguze."

Mkwe alicheka. Binti hakucheka. Alivuta kiti, akaketi karibu na mama yake kama mtu anayekwenda kumweleza mgonjwa matokeo.

"Mama, si sufuria tu. Wiki mbili zilizopita bomba la bafuni liliachwa wazi mpaka jirani wa chini akapanda kulalamika. Mlango wa mbele ukakutwa wazi. Miwani yako ndani ya kopo la sukari. Funguo zako kwenye friji, kwenye droo ya mboga. Ndara yako moja ndani ya oveni. Nimekuchukulia miadi kwa daktari wa kumbukumbu, Ijumaa ya wiki ijayo."

"Halafu?"

"Halafu tutajua. Nimezungumza na kaka. Daktari akisema kumbukumbu imeanza kuchoka, hutarudi kukaa peke yako. Utahamia kwake."

Mama Mizani aliijua nyumba ya mwanawe. Aliwahi kulala wiki moja katika chumba kilichoko karibu na ngazi, akasikia watu wakiulizana juu ya kichwa chake: "Bibi amekula? Bibi ameoga?" Hakuna aliyemuuliza bibi mwenyewe. Yeye alikuwa na nyumba yake ya vyumba vitatu, na kila alfajiri aliufungua mlango wake kwa mkono wake. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Kati yake na mlango ule sasa alisimama daktari mmoja asiyemjua, na sufuria.

"Nitakwenda," alisema. Akainuka kwenda kumwosha mtoto.

*

Kazini kwao kulikuwa na utaratibu ambao wafanyabiashara hawakuujua. Kabla ya msimu wa ukaguzi, mkaguzi alipeleka kwanza mawe yake mwenyewe ya kupimia, ya shaba, yakapimwe makao makuu. Jiwe lililochakaa halipimi mizani ya mtu. Wakaguzi vijana waliona ni usumbufu. Mama Mizani aliona ndiyo kazi yenyewe, na kwamba yaliyobaki ni kutembea tu.

Kwa hiyo hakuanza kwa kumshuku mtu. Alianza kujipima.

Jumanne alikariri vituo vyote vya tramu kutoka mtaani kwao hadi bustanini, akavitaja kinyumenyume wakati wa kurudi, mtoto akimtazama kutoka kwenye kigari kwa mashaka makubwa. Alivitaja vyote. Jumatano alikwenda dukani bila kuandika kitu, akarudi na alivyotumwa isipokuwa sabuni ya vyombo. Alisimama ngazini akiwaza juu ya ile sabuni kwa muda. Hakuna jiwe lisilo na kosa; sheria yenyewe huruhusu kosa dogo, na ndiyo sababu mawe yanaendelea kutumika. Sabuni moja aliihesabu ndani ya kiwango. Mtu anayesahau sabuni huenda akasahau mayai, hilo alilikubali. Lakini je, asahau kwamba aliyaweka, asahau kwamba ana njaa, asahau hata kwamba hapendi mayai ya kuchemsha?

Akaongeza jambo la pili. Tangu Jumanne hiyo hakuligusa jiko. Hakumwambia yeyote. Chai alikunywa iliyopikwa na wengine, na ikiwa imepoa aliinywa hivyo hivyo. Vitu vyake aliviwekea mahali pamoja pasipobadilika: miwani dirishani, kitana chini ya mto, funguo shingoni kwa uzi, chini ya blauzi.

Bibi Mwenza aliligundua mapema.

"Bibi Mwenza, mbona umegoma? Hata uji hukorogi siku hizi."

"Nimechoka kuunguza sufuria za watu."

"Ah! Umenuna." Alicheka, akamgonga begani. "Usinune. Uzee ni koti, kila mtu atalivaa. Wewe limekufika mapema kidogo tu."

"Koti lako liko wapi?"

"Langu bado liko kwa fundi," alisema Bibi Mwenza, na wote wawili wakacheka. Alikuwa mwanamke mwenye maneno. Ndiyo maana watu walipenda kumsikiliza, na kwa kumsikiliza hawakumtazama sana.

Jumamosi mkwe aliingia jikoni kuchukua maji akakuta jiko linawaka, sahani yake ya umeme nyekundu pyu, juu yake hakuna chombo chochote. Kitambaa cha kufutia mikono kilikuwa pembeni yake kwa upana wa kiganja. Aliita kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Mtoto alikuwa amelala chumba cha pili, kwenye kitanda chake cha mbao.

"Alikuwa anataka chai," Bibi Mwenza alisema haraka, akimtazama Mama Mizani kwa huruma. "Nilimsikia jikoni."

Binti alifumba macho. "Mama..."

Mama Mizani alijua jambo moja kwa hakika, kwamba mkono wake haukuligusa jiko tangu Jumanne. Alijua pia kwamba halina shahidi. Mkaguzi habishani mbele ya kaunta, watu wakiwa wamejaa. Hukusanya kilichopo akaondoka. Akanyamaza, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa ungamo.

Kesho yake, wakiwa wote mezani kwa kifungua kinywa, Bibi Mwenza alifungua kasha la mkate akapiga kelele ya furaha.

"Jamani, njooni mwone! Kitana! Leo tunapaka siagi nywele."

Kitana kilikuwa cha Mama Mizani. Mkwe alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba radhi. Binti alikitoa kwenye kasha, akakipangusa makombo polepole, akamkabidhi mama yake bila kumtazama usoni.

*

Siku hiyo nzima Mama Mizani alimsukuma mtoto bustanini na kuyapanga mambo kichwani, kila moja mahali pake.

Bomba, mlango, sufuria, jiko. Haya yalikuwa ya hatari, hayakumfaidi mtu, na yangeweza kutokea kwa yeyote. Miwani, funguo, ndara, kitana. Haya yalikuwa ya kuchekesha, hayakumdhuru mtu, na kila mara kitu kilikuwa chake yeye. Kila mara aliyekigundua alikuwa Bibi Mwenza, na kila mara kulikuwa na watazamaji. Tena kila kichekesho kilikuja mara tu baada ya hatari.

Usahaulifu hauchagui. Mtu anayeweka ndara kwenye oveni siku moja ataweka pia soksi ya mtoto, rimoti ya televisheni, barua ya jirani. Hawezi kupoteza vya kwake tu, wiki tatu nzima, bila kukosea. Wauza nyama walimfundisha hilo zamani. Mizani mbovu hukosea pande zote mbili: leo inampunja mnunuzi, kesho inamzidishia. Mizani ya mwizi hukosea upande mmoja tu.

Kwa hiyo kichekesho kilikuwa na mwenyewe. Lakini hatari? Hakuna mtu mwenye akili zake anayewasha jiko karibu na kitambaa, mjukuu akiwa amelala chumba cha pili, ili amkomoe bibi mwenzake. Bibi Mwenza alimpenda yule mtoto. Hilo nalo lilikuwa jambo la hakika, lilionekana kila saa. Hatari ilikuwa ubovu wa kweli. Na mwenye ubovu ndiye aliyekuwa akiweka vichekesho, kila baada ya kuteleza, ili macho yaelekee kwingine.

Alisimamisha kigari. Alitarajia kufurahi, na hakufurahi. Wauza nyama aliowanasa walikuwa wakimwibia mtu. Huyu alikuwa anajificha.

*

Alimkuta Bibi Mwenza Jumatatu alasiri chumbani kwake, akikunja nguo za mtoto kitandani. Chumba kilikuwa chembamba, kitanda, kabati, na kiti kimoja. Mama Mizani alifunga mlango, akakalia kiti.

"Bibi Mwenza, tangu Jumanne iliyopita sijaligusa jiko."

"Mh. Mbona wasema hivyo?"

"Kwa sababu ni kweli. Na kitana changu kilikuwa chini ya mto."

Bibi Mwenza aliendelea kukunja. Alikunja blauzi ndogo, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nyani haoni kundule," alisema hatimaye. "Wasahaulifu wote husema hivyo. Hawakuligusa. Hawakuwepo. Hata mama yangu alisema hivyo."

"Mama yako alisahau?"

Mikono ilisimama.

"Alianza na umri gani?" Mama Mizani aliuliza.

"Wewe una maswali ya polisi."

"Ya sokoni."

Kutoka ghorofa ya juu mtu alikuwa akisogeza kabati. Bibi Mwenza aliiweka blauzi juu ya rundo, akailaza kwa kiganja, na aliposema sauti yake haikuwa na mzaha wowote.

"Wewe ukiwa msahaulifu, unakwenda kwa mwanao. Utanung'unika, lakini utakuwa na chumba na watoto watakuamkia. Mimi nyumba yangu nilimwachia mdogo wake mwanangu huyu, ameoa, wamejaa. Sina pengine zaidi ya kitanda hiki. Mwaka jana mwanangu alinipitisha kwenye jumba moja lile la wazee. Akasema tunaangalia tu. Bustani nzuri, mama, tazama. Walikuwa wameketi wamepangwa ukutani kama viatu."

"Kwa hiyo ukanipanga mimi."

"Wewe unaondoka!" alisema kwa hasira. "Mwisho wa mwezi unaondoka. Nilidhani watacheka, watakuhurumia, utaondoka na mambo yatakwisha. Sikujua kuhusu daktari. Sikujua watakunyang'anya nyumba."

"Ulijua Jumatatu iliyopita. Jana Jumapili ukaweka kitana."

Bibi Mwenza aliichukua tena ile blauzi ndogo, akaikunjua.

Mama Mizani alimweleza basi jinsi ilivyokuwa kazini kwao. Kila mwaka kulikuwa na siku ya kuleta mizani. Mfanyabiashara aliyebeba mizani yake mwenyewe na kuileta, hata ikiwa mbovu namna gani, hakushtakiwa. Ilirekebishwa au ilizuiwa, akaenda zake na jina lake. Aliyekutwa nayo kaunta siku nyingine alipelekwa mahakamani. Ubovu ulikuwa ule ule.

"Ijumaa nina miadi," alisema. "Kabla ya hapo mwambie mwanao. Wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Usiposema, nitasema mimi, kwa sababu kuna mtoto humu ndani na kuna jiko."

"Na ukisema, nani atakuamini?" Bibi Mwenza alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mwenye miadi ni wewe."

Hilo lilikuwa sahihi kabisa, na Mama Mizani aliliheshimu.

"Basi sema wewe," alijibu.

"Nitasema. Alhamisi, akiwa mapumziko."

*

Alhamisi ilipita. Mkwe alishinda nyumbani, alirekebisha bawaba ya kabati, akacheza na mtoto. Bibi Mwenza alipika, alitania, akaimba. Mama Mizani alimsubiri kwenye kila mlango. Ijumaa asubuhi, binti akiwa bafuni, alimvuta kando.

"Hukusema."

"Kusema nini?"

"Tulichozungumza Jumatatu."

Bibi Mwenza alimtazama kwa uso mtupu, wa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekuita kwa jina la mwingine. "Jumatatu tulikunja nguo," alisema.

Mama Mizani alitafuta usoni mwake alama yoyote ya hila na hakuiona. Hakuona pia ushahidi wa kinyume. Alikuwa amepima vitu maisha yake yote, na hiki hakikuwa na jiwe lake.

Walimwacha mtoto na baba yake, wakapanda tramu wawili, mama na binti. Kliniki ilikuwa na sakafu ya mpira na viti vya rangi ya machungwa. Binti hakuruhusiwa kutafsiri. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye mafua, alieleza kwamba ndugu huwasaidia wagonjwa bila kujua. Mkalimani alikuwa sauti ya kiume kutoka kwenye simu iliyolazwa mezani. Mama Mizani aliulizwa tarehe, mwezi, mahali alipo. Alitajiwa maneno matano ayatunze. Alichora saa. Alitoa saba kutoka mia, na saba tena, na tena, mpaka daktari akamwambia inatosha, na mkalimani, akisahau kazi yake, akasema, "Mama, mimi mwenyewe ningekwama."

Neno moja kati ya matano lilimponyoka. Daktari aliandika, akapenga kamasi, akasema kwamba kwa umri wake hali hii ni nzuri, na haoni dalili ya ugonjwa.

Kwenye ukumbi wa nje binti aliketi ghafla kwenye kiti cha machungwa. Mama yake alidhani ni ahueni. Kisha aliona jinsi alivyokuwa akilia.

"Basi ni nani?" Mama Mizani aliuliza. Hakuuliza kwa kutojua.

"Usiniulize, Mama."

"Ulijua."

Binti alifuta pua kwa ukosi wa koti. "Sikujua. Niliona. Kabla hujaja, siku moja alimwogesha mtoto kwa maji baridi akaniambia ni ya uvuguvugu. Nikasema labda bomba. Siku nyingine alinipigia simu kazini mara nne kuniuliza jambo lile lile. Nikasema labda ana upweke. Nitamwambiaje mume wangu kwamba mama yake anaharibikiwa? Yule ni mama mkwe. Nikimwonyesha kidole, mimi ndiye mke aliyemfukuza mama wa watu. Halafu ukaja wewe, vitu vyako vikaanza kuonekana kwenye friji, nikajiambia: basi, kumbe ni Mama." Alivuta pumzi. "Nilitaka uwe wewe. Wewe nakuweza. Wewe naweza kukupeleka kwa daktari, ukanuna, ukanisamehe."

Mama Mizani alibaki amesimama, mkoba mkononi. Katika hesabu zake zote za bustanini, mtu huyu hakumweka popote. Alikuwa ametafuta ni nani anayekosea. Hakuwahi kujiuliza kwa nini kosa lilipokelewa upesi hivyo.

"Ungenipotezea nyumba yangu kwa kuona haya ukweni," alisema.

Kisha akaketi kando yake. Walikaa hapo mpaka machozi yakakauka, kwa kuwa nje kulikuwa na upepo na uso wenye maji ungepasuka kwa baridi.

*

Mkwe aliwafungulia mlango, mtoto kwenye mkono mmoja, akitabasamu kwa wasiwasi. "Daktari kasemaje?"

"Mzima," binti alisema. Kisha akafungua kinywa aseme la pili, na halikutoka. Mama Mizani akaanza kusema yeye, na wakati huo huo Bibi Mwenza akatokea kwenye korido.

Alikuwa amevaa koti lake zito, limefungwa vifungo vyote, skafu kichwani, mkoba begani.

"Amelivaa tangu mlipotoka," mkwe alisema akicheka. "Namwambia vua, hataki. Anasema ana safari."

"Mmechelewa," Bibi Mwenza aliwaambia. "Nimewasubiri. Mwanangu, mimi ndiye wa kwenda kwa daktari. Si yeye. Jiko nawasha mimi. Bomba ni mimi. Na hayo mengine ya huyu, miwani sijui nini, nilifanya kusudi."

"Mama, acha utani."

"Sitanii."

"Mama, wewe huna tatizo lolote. Ni uchovu. Kila mtu..."

"Niulize mwanao anaitwa nani."

Mkwe alicheka tena, kidogo. Hakuuliza, lakini alimsogeza mtoto mbele bila kukusudia, na mtoto akamtazama bibi yake na kumpa mkono wote wenye mate. Bibi Mwenza aliushika. Midomo yake iliachana. Binti alivuta pumzi ili amsaidie, na Mama Mizani akamkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu.

Jina halikuja. Kicheko kilibaki usoni kwa mkwe baada ya kwisha maana yake, kisha nacho kikaondoka.

"Tangu lini?" aliuliza, kwa sauti ya mtoto mdogo.

"Sijui, baba," mama yake alimjibu. "Ndiyo shida yenyewe."

Aliketi kwenye benchi la viatu, mkoba magotini. Mkwe alimpa mkewe mtoto, akachuchumaa mbele ya mama yake, akaanza kumfungua vifungo vya koti, akafungua kimoja, akaacha. Aliuliza bila kugeuka kliniki inafungwa saa ngapi. Binti akamwambia.

"Usinipeleke kule kwenye bustani ya wazee," Bibi Mwenza alisema.

Mkwe hakuahidi. Alikifunga kile kifungo alichokuwa amekifungua, akaenda kutafuta viatu vyake.

Mama Mizani alikuwa bado na koti lake mwilini. Aliketi kwenye benchi, mahali palipobaki, na kwa kuwa palikuwa padogo mabega yao yaligusana.